Kilula cha Ng'ambo ya Korongo

Mwaka 2006 mgao wa umeme ulitukaba. Mabwawa yalikuwa yamekauka. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta katika mradi mdogo wa maji pale Moshi, kazi yangu kuitafutia kila kaya kilula, yaani bomba la maji la umma, kilicho karibu nayo zaidi. Kaya 21,000, vilula 1,400. Programu niliyoiandika ilipima kila kaya na kila kilula, yaani vipimo milioni 29.4, kwenye kompyuta kuukuu iliyounguruma kama mashine ya kusaga. Mara tatu umeme ulikatika kazi haijaisha. Mara ya tatu nilitukana, nakiri.

Usiku ule, kwa taa ya chemli, nilifungua fotokopi ya kitabu cha Hanan Samet wa Chuo Kikuu cha Maryland, cha mwaka 1990, kuhusu namna ya kupanga data za mahali. Ndani yake nikakutana na kwaditrii, muundo wa Raphael Finkel na Jon Bentley wa mwaka 1974. Kwao nukta yenyewe, kwangu mimi kilula, ndiyo inayokata eneo. Mimi nilishika aina nyepesi: kata ramani katikati upate robo nne, robo yenye vilula zaidi ya kimoja, ikate tena, na tena. Wakati wa kutafuta, ukishapata kilula kimoja, robo yote iliyo mbali kuliko hicho hata huifungui. Nilicheka peke yangu. Si ndivyo tulivyokata vihamba, mashamba yetu ya ukoo, miaka yote, tukipanda mimea ya masale mpakani?

Umeme uliporudi, kazi iliisha kabla chai yangu haijapoa. Nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata nilipanda Kibosho, mlimani juu ya Moshi, na ramani zangu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kilula changu kiko wapi?”

Nikamwonyesha. Mita 180 tu. Akavitazama viatu vyangu vya mjini, akanipa ndoo.

“Haya, kanichotee, mwanangu.”

Kumbe mita 180 zilipita juu ya korongo. Nilishuka nikishikilia migomba, nikavuka maji, nikapanda ng'ambo kwa magoti. Nilirudi baada ya dakika hamsini, ndoo nusu, suruali tope tupu. Mzee alikuwa bado amekaa pale pale kwenye jiwe. Mkewe alishachota zamani kwenye kilula chao cha siku zote, mita 400 kwa barabara, na alikuwa anatuita tukanywe chai.