Ishirini Kasoro Moja

Shule zilifungwa Jumanne, tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania. Waziri Mkuu alisema siku 30, nami nikazihesabu kweli kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuja kufunguliwa tarehe 29 Juni. Kufikia hapo nyumba yetu ilikuwa imeshapata mwalimu mkuu wake.

Ni mwanangu wa kwanza, aliyekuwa darasa la pili. Fimbo yake ilikuwa mwiko wa ugali, ubao wake mlango wa stoo. Alikuwa na mwanafunzi mmoja wa uhakika, mdogo wake wa miaka mitatu, na wawili wa kudokoa, watoto wa mpangaji mwenzetu, waliokuwa wakivuka ua kila mama yao alipogeuza kisogo. Alitaka aitwe Ticha. Wiki haikuisha, ua mzima tuliopanga pale Mbagala unamwita Ticha, na mimi nikawa Mama Ticha.

Siku ninayoisimulia ilikuwa katikati ya Aprili. Nilikuwa na cherehani barazani na barakoa 40 za kitambaa za kumalizia kabla ya magharibi, oda ya kijiwe cha bodaboda. Kazi yenyewe si ngumu, ila kushona lastiki kwenye pembe nne za kila barakoa kunakula macho. Ticha akaja kudai vihesabio. Vya kwake, vizibo vya soda alivyovikusanya mwaka mzima, vilikuwa vimebaki kwenye kabati la darasani. Nikainuka, nikachota maharage ya njano kwenye ndoo, tukahesabu pamoja: ishirini. Nikamwekea kwenye mfuniko wa sufuria, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Niliwasikia wakisimama. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, kaeni. Halafu wakahesabu kwa pamoja, halafu kikaingia kimya. Kimya kile nilikifurahia sana, nisiseme uongo. Nilishona barakoa tisa mfululizo nikijisifu moyoni kwamba KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zinasomwa nyumbani kwangu bila ada.

Ticha akatokea mlangoni na mwiko wake.

"Mama, maharage yako kumi na tisa."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu."

"Si uchukue jingine kwenye ndoo?"

Akaniangalia kama mzazi aliyekuja shuleni kumtetea mtoto mtoro. "Ishirini toa moja inabaki kumi na tisa. Sasa hiyo moja nani kaitoa?"

Wale wawili wa jirani walikuwa wameshakaguliwa mifuko na wameshaapa. Wa kwangu mdogo alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, ametulia mno, anahema kwa mdomo. Nilipomuuliza, akaweka kidole kwenye pua ya kulia.

"Limelala huku."

Nikamwinua mwangani. Kweli, kwa ndani kulikuwa na kitu cha njano kinang'aa kama jicho la mjusi, kilikuwa karibu kabisa, mlangoni. Ukaribu huo ndio ulionidanganya. Nilichomoa pini kwenye nywele zangu, nikasema hii ni kazi ya sekunde mbili. Harage likapiga hatua moja ndani. Mtoto akapiga kelele, Ticha akaanza kulia, watoto wa jirani wakakimbilia kwao, na hapo ndipo mama yao alipojua walikuwa wapi.

Nikampigia Baba Ticha kazini. Akasema nimnusishe pilipili manga apige chafya. Kisha akasema hapana, mpeleke hospitali. Kisha akauliza, hospitali, wakati huu? Tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Mwezi ule watu walikuwa wanaziogopa hospitali kuliko ugonjwa. Nikatupia kanga begani nitoke kutafuta bajaji.

Chumba cha mwisho uani alikaa bibi mmoja, mkunga mstaafu, ambaye tangu Machi alikuwa hatoki ila kuchota maji. Makelele yalimtoa. Alisimama karibu na ndoo ya maji tiririka, kanga kaifunga puani.

"Mama Ticha, weka hiyo pini chini."

"Shikamoo bibi, mtoto ana..."

"Marahaba. Weka pini chini kwanza."

Nikaiweka. Alinieleza palepale alipo, bila kusogea, kama anayeelekeza njia. Harage linakunywa maji, na pua ni mbichi. Kila dakika linavimba. Kwa hiyo hakuna kumtia maji, hakuna mafuta, hakuna kuchokoa. Ziba kwa kidole ile pua isiyo na harage. Weka mdomo wako juu ya mdomo wake, uzibe wote pasitoke pumzi, kisha puliza mara moja, kwa ghafla, kama unazima kibatari. "Jaribu mara mbili, tatu. Likigoma, bajaji, usinisikilize tena. Na mwambie unambusu, asiogope."

Redio ya jirani ilikuwa imeshinda inatukataza kugusa nyuso zetu wenyewe. Nikapiga magoti.

Mara ya kwanza alicheka, pumzi ikapotea mashavuni. Mara ya pili zikaja kamasi peke yake. Mara ya tatu nikasikia pwa! na kitu cha moto kikanigonga chini ya jicho. Kikaanguka kwenye mkeka. Ganda lilikuwa limepasuka katikati, na harage lenyewe limenenepa, limepauka, lina uso wa mtu aliyeamshwa usingizini.

Mtoto alipiga chafya, akanitazama, akaniwekea mdomo wake tena. "Tena, mama."

Mimi nilikaa chini, miguu haina nguvu. Ticha alikuwa ameshafuta machozi. Aliokota harage kabla sijasema neno, akalipeleka kwenye ndoo, akafungua koki, akalisugua kwa sabuni huku akihesabu kwa sauti moja mpaka ishirini, zile sekunde za kunawa mikono tulizoambiwa na serikali. Akalirudisha kwenye mfuniko wa sufuria. Lilikuwa kubwa kuliko wenzake wote.

"Ishirini," akasema. "Nani anajua kwa nini hili moja ni nene?"

"Lilikuwa masomoni," bibi akajibu kutoka kule kwenye ndoo, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Barakoa za bodaboda zilichelewa; nilizimalizia usiku kwa taa ya simu maana umeme nao ulikatika. Asubuhi nilikwenda duka la kona kuomba vizibo vya soda. Mwenye duka alinijazia mfuko mzima, akaniuliza nafungua kiwanda gani. Njiani nilisimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu, nikaangalia huku na huku, nikachukua kizibo kimoja nikajaribu kukisukumia kwenye pua yangu. Hakikuingia. Nikavipeleka nyumbani.