Maini yenye vifuko vya maji: tulivyowaondoa mbwa karoni

Nachinja mbuzi na kondoo Igunga, mkoani Tabora, kwenye karo la kuchinjia la kijiji. Kilichokuwa kinaniumiza ni maini. Unachinja mbuzi mnono kabisa, ukipapasa ini unakuta uvimbe mgumu. Mkaguzi wa nyama akipitisha kisu, maji maangavu yanaruka, halafu kinateleza kifuko cheupe, laini kama ute wa yai la kuchemsha. Ndani yake mna chembe nyeupe ndogo mno. Kila chembe ni kichwa cha mnyoo aitwaye tegu anayesubiri kuingia tumboni mwa mbwa.

Na mbwa walikuwepo, wamejipanga nje wanangoja. Ini likikataliwa linarushwa kule, wanaligombania.

Wenzangu walihofia mlaji. Lakini binadamu hapati vifuko hivi kwa kula ini. Anameza mayai yanayotoka na kinyesi cha mbwa, kwa maji, mboga au mikono. Tegu huyu ana milimita chache tu, ila mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu. Wiki kama sita baada ya kula ini lile, mayai yanaanza kutoka. Mbuzi anayala na majani, na mtoto anayechezea mbwa anayameza pia. Kifuko kinaweza kukua miaka kwenye ini au pafu la mtu bila maumivu yoyote. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, maana watoto wetu na mbwa hawaachani.

Tulikubaliana wachinjaji wote: kila mnyama anayechinjwa anachangiwa hela kidogo. Tukachimba shimo refu la kutupia maini yaliyokataliwa, tukalifunika kwa mfuniko wenye kufuli, ufunguo anao mkaguzi. Karo tukalizungushia miiba ya migunga. Kisha tukamwomba afisa mifugo awape mbwa prazikwanteli, dawa ileile ya kichocho wanayopewa wanafunzi, kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Dawa inaua tegu, haiui mayai, kwa hiyo mbwa hufungwa siku mbili na kinyesi chake kinazikwa. Inarudiwa kila baada ya wiki sita.

Ugumu ulikuwa kwa wafugaji. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mbwa analinda zizi langu usiku kucha, akikosa ini ale nini?" Nikamwambia, "Guku, simnyimi. Mchemshie nusu saa nzima, ndipo umpe." Akakubali, na ndiye aliyewashawishi wengine.

Mbuzi wakubwa bado tunawakuta na vifuko, kwani walivipata zamani na vinakua polepole. Kwa wadogo waliozaliwa hapahapa kijijini, maini safi yameongezeka. Kinachonisumbua sasa ni misiba na harusi, ambako watu huchinja nyumbani bila mkaguzi. Huko naomba wenyeji mapema wateue mtu wa kusimamia matumbo, maini na mapafu, na sufuria ya mbwa iwe jikoni kabla kisu hakijatolewa.