Siku moja, namba nne, mtu mmoja

Mama yangu akiulizwa binti yake anafanya kazi gani chuoni, hujibu kwa fahari: "Yuko kwenye makompyuta." Basi kila Jumapili nikienda kumsalimia nakuta majirani wawili watatu wananisubiri na simu zilizopasuka vioo. Nimechoka kueleza kwa mdomo. Acha nisimulie Jumatatu moja ya Novemba, wiki ile ya kusajili mwaka wa kwanza, mvua za vuli nazo zimepoteza adabu.

Saa 10:45 alfajiri. Naamka, naoga, natoka Gongo la Mboto. Daladala ya kwanza nasimama, ya pili nakaa. Tuyaache hayo, kila mtu wa Dar anayajua.

Saa 1:20 asubuhi. Nafungua ofisi, nawasha mashine. Nje ya dirisha foleni imeshaanza, na wengi wao hawajui kwamba foleni yenyewe ni ya namba.

Mwanafunzi mmoja kwetu ana namba nne. Ya kwanza ni ya mtihani wa kidato cha nne: herufi S, tarakimu nne za shule, mkwaju, tarakimu nne za mtahiniwa, mkwaju, mwaka. (Mkwaju ni kile kimstari cha mshazari. Wenzangu wote husema slashi; mimi nabaki na mkwaju kwa sababu una uchachu wake.) Tumeng'ang'ania hiyo ya kidato cha nne kwa kuwa mwombaji awe amekuja kwa kidato cha sita au kwa diploma, huko nyuma wote walipita mlango huo mmoja. Ya pili ni ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ya tatu ni ya usajili, tunayompa sisi, imebeba ndani yake mwaka wa kuingia na kozi. Aliyeibuni alifurahi sana. Sisi tunaojua wanafunzi wanavyohama kozi hatufurahi: mtu akitoka Uhasibu akaenda Sheria, namba yake inaanza kusema uongo.

Ya nne mwanafunzi haioni kamwe. Ni namba ya ndani, kanzidata inaitoa yenyewe, haina mwaka, haina kozi, haina shule. Haina maana yoyote, na ndiyo pekee ninayoiamini, maana isiyosema kitu haina cha kuja kukanusha.

Tabu ni kwamba nje ya chumba changu hakuna anayeitumia hiyo ya nne. Orodha ya mikopo inanifikia na namba za kidato cha nne zenye nukta pale ambapo udahili waliweka mkwaju. Picha za vitambulisho zinakuja na vistari, kwa sababu kompyuta haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Maktaba wanataka ya usajili. Kazi yangu ni kukaa katikati na jedwali moja refu, nikisema: huyu wa nukta, yule wa mkwaju na yule wa tarakimu 20, wote ni mtu mmoja.

Kugeuza nukta kuwa mkwaju ni kazi ya sekunde, na programu ndogo niliyoiandika mwenyewe inaifanya bila kunung'unika. Inakamata hata wale walioandika herufi O badala ya sifuri. Hapo ndipo watu wanapodhani kazi imekwisha. "Si unabonyeza tu?" Hilo neno nimeambiwa na mkuu wa idara, na mlinzi, na shemeji yangu.

Saa 2:10. Faili la wanafunzi 412 linaingia kutoka ofisi jirani, ambayo sitaitaja kwa sababu tunakula chapati pamoja. Nafungua safu ya NIDA. Kila mstari: 2.00307E+19, 2.00411E+19, na kadhalika. Nikapanua safu, nikaiamuru iandike namba kamili. Ikaandika. Zote 412 zinaishia na sifuri tano.

Kwa asiyejua: Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi inaziweka sifuri, na haikuulizi. Kontroo namba ya malipo, yenye tarakimu 12, inaweza kujikunja vilevile ikaonekana kama hesabu ya wanaanga, lakini ukiinyoosha unaikuta salama. NIDA haiponi. Mtu akishahifadhi faili lile, tarakimu tano za mwisho zimekwenda, na hakuna fomyula duniani ya kuzirudisha.

Kinachoniuma ni kwamba namba hizo zilitoka kwenye fomu zikiwa na vistari vyake, na vistari vingeziokoa, maana Excel ingeziona ni maandishi ikaziacha. Kuna mtu alivifuta ili safu ipendeze.

Nikarudi kwenye fomu za wanafunzi wenyewe, nikalinganisha tarakimu 15 zilizosalia. Kufikia saa 4 kasoro, 410 wakawa wamerudi nyumbani. Wawili wakabaki. Tarakimu 15 za mwanzo sawasawa, jina la baba moja, kozi moja. Mapacha! Nikaandika kwenye kikaratasi "mapacha, wapigiwe simu", nikakibandika kwenye kioo.

Chai ya rangi, chapati mbili. Chai ilikuwa imepoa.

Saa 4:40. Anaingia kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi hadi lina makali, simu mkononi imewashwa spika.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Tatizo?"

"Boom langu halipo. Wenzangu wote wameshasaini."

(Boom ni fedha ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo; husainiwa kwanza.) Kabla sijajibu, simu ikajibu. "Haloo, binti! Mimi ni baba yake mdogo. Kijana ana mkopo, nimeuona kwa macho yangu kwenye akaunti yake ya maombi. Sasa mnamzungusha nini?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka hiyo namba, mtoto ale."

Nikatafuta. Kwenye skrini wakatokea watu wawili. Mmoja amesajiliwa, yuko hosteli, ana kitambulisho, hana mkopo. Mwingine ana mkopo, hajasajiliwa, hana hata picha. Majina matatu yaleyale. Wa kwanza namba yake ya kidato cha nne inaanza na P na kuishia 2020. Wa pili inaanza na S na kuishia 2019.

S ni mtahiniwa wa shule. P ni mtahiniwa wa kujitegemea. Mtu mmoja akiwa na S ya mwaka huu na P ya mwaka unaofuata, mara nyingi maana yake amerudia mtihani, masomo mawili matatu yaliyomwangusha, na hakuna dhambi hapo. Fomu za maombi zinampa nafasi ya kutaja namba zote mbili. Lakini faili linalonifikia mimi lina safu moja tu ya namba, kwa hiyo udahili walileta ile P na mkopo ukaja na ile S. Mtu akagawanyika njiani.

Au ni watu wawili kweli. Majina matatu kufanana si ushahidi, hilo nililijua kwa machozi mwaka wangu wa pili kazini. Ukiunganisha watu wawili kimakosa, fedha ya mmoja inaingia kwa mwenzake, matokeo yanachanganyika, na kuwatenganisha kunakula wiki nzima na barua tano. Kwa hiyo lazima niulize.

"Mdogo wangu, uliwahi kufanya mtihani wa kidato cha nne zaidi ya mara moja?"

Kijana akakaa kimya. Simu ndiyo iliyojibu: "Mara moja tu! Huyu nimemsomesha mimi tangu darasa la tano. Alimaliza, ikaja corona, mashule yakafungwa, akasubiri, akaenda kidato cha tano. Wewe binti unataka kusema mwanangu alifeli?"

"Hapana, baba. Nauliza namba."

"Namba si hiyo iko hapo? Kompyuta yenu haijui kusoma?"

Hii ikaendelea dakika ishirini, sitanii. Akaniuliza nina elimu gani. Akaniuliza mkuu wangu ni nani. Akaniambia kwenye kampuni yake mambo kama haya yanakwisha kwa kubonyeza kitufe kimoja. Foleni nyuma ikaanza kuguna, binti mmoja akasema kwa sauti kwamba na yeye ana njaa. Mimi macho yangu yalikuwa kwa kijana. Alikuwa anaitazama ile simu kama mtu aliyeshika sufuria la moto na hajui aliweke wapi.

Nikaelewa, nikajilaumu. Swali lile niliuliza mbele ya mtu asiyepaswa kulisikia.

Shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa Juni. Miezi mitatu na ushei haitoshi kumeza mwaka mzima, lakini kwa mjomba au baba mdogo aliye mbali, anayetuma ada kwa simu, mwaka ule ulifunika mengi.

"Baba, mtandao unakatika," nikasema, na sikuona haya. Kijana akakata simu haraka kuliko nilivyotarajia. Nikamsukumia karatasi na kalamu, sikufungua mdomo kwa ajili ya wale walio nyuma yake. Niliandika: *P ya 2020 ni yako?*

Akaandika chini yake namba nzima, S na P zote mbili, mikwaju mahali pake, bila kutazama popote. Wanafunzi hawajui namba zao za usajili hata wakifika mwaka wa tatu. Huyu ile P aliijua kwa moyo.

"Vyeti vyote viwili unavyo?"

"Kimoja kiko chini ya tranka, madam."

"Kalete. Utakuja moja kwa moja, usipange foleni."

Saa 7 na kitu. Wali maharage, nusu sahani, maana umeme ulikatika na ile betri ya akiba ya kompyuta ikaanza kulia kama mtoto wa jirani. Ukarudi. Walipita pia waliokosea tarehe ya kuzaliwa, aliyeolewa akabadili jina, aliyeahirisha masomo miaka miwili akarudi na kupewa namba mpya ya usajili wakati ya zamani bado ina matokeo yake. Sikumbuki ni wangapi. Dada wa uhasibu alipiga mara sita, kila mara akiuliza orodha, kila mara nikisema inakuja.

Kijana alirudi amelowa, vyeti vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine wa plastiki, kifuani. Nikalinganisha: shule, majina, tarehe ya kuzaliwa, picha. Ni yeye. Kwa akili yangu kazi ilikwisha hapo.

Kwa utaratibu haijaisha. Siruhusiwi kuunganisha watu peke yangu. Mtu wa udahili lazima aone vyeti na kutia saini. Nalalamika kuhusu hilo kila mwaka, na kila mwaka najua wako sahihi. Mtu wa udahili alikuwa kikaoni. Kikao kilikuwa cha muda wa saa moja, kilichoanza saa 6.

Tukasubiri. Kijana kwenye benchi la korido, mimi kwenye kiti changu, macho yanawasha. Saa 9:30 ofisi kisheria imefungwa, mama wa usafi akaanza kupiga deki, akaninyanyua miguu. Simu ya kijana iliita mara nne. Hakupokea.

Wakati fulani, giza lilikuwa linaingia, mtu wa udahili akatokea amebeba chupa ya maji na uso wa kikao. Akasoma, akaangalia kijana, akasaini. Dakika tatu.

Mfumo ukiunganisha watu wawili unabakiza namba moja ya ndani na kuifunga nyingine, haifutwi. Halafu unauliza sababu. Pale niliandika ukweli wote: vikao viwili vya mtihani, 2019 na 2020, vyeti halisi vimeonekana. Kumbukumbu ile lazima iwe kamili, mkaguzi akija aikute.

Lakini mfumo unatoa pia karatasi ya kumpa mwanafunzi, na nilijua itapigwa picha na kutumwa kwa baba mdogo kabla haijakauka wino. Hapo kwenye sehemu ya maelezo nina hiari. Nikaacha neno moja: *Imeoanishwa.*

Kijana akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele.

"Ni hivyo tu, madam?"

"Ni hivyo tu. Jina lako litaingia orodha inayofuata ya kusaini."

Nikazima mashine. Kile kikaratasi cha mapacha kilikuwa bado kimebandikwa kwenye kioo. Nikakichukua, nikawapigia nikiwa kituoni, mvua inanyesha, sikio moja nimeliziba kwa kidole. Alipokea mmoja wao. Nikamwomba anisomee namba yake ya NIDA taratibu. Alipofika mwisho nikasikia sauti ileile kabisa nyuma yake ikisema, "Hiyo ni yangu."