Beringi za akiba: nilivyojifunza kuzifunga zifike salama

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kubeba beringi za akiba ndani ya gari kunatosha, yaani zile pete zenye rola za chuma zinazolifanya gurudumu lizunguke kwa urahisi. Kumbe beringi inaweza kufia ndani ya boksi lake, haijazunguka hata mara moja, nawe unatembea nayo porini ukijua una akiba.

Gari langu ni Land Rover Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, na safari zangu nyingi ni za kupeleka wageni Ziwa Natron. Njia inatoka Mto wa Mbu, inapita Engaruka, inaishia Engare Sero chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Aliyeipita anaijua: majivu ya volkano laini kama unga, barabara iliyojikunja mawimbi kama bati, na makorongo ambayo kiangazi ni mchanga mtupu na masika ni maji.

Hayo makorongo ndiyo maadui wakubwa wa beringi. Habu, yaani kitovu cha gurudumu ambamo beringi hukaa, ikitembea masaa mawili imeshapata moto. Ukiiingiza kwenye maji ghafla, hewa iliyomo ndani inapoa na kusinyaa, inavuta maji kupitia sili, ule mpira unaoziba habu. Sili ikiwa imechoka, maji yanapita na tope lake, na grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Siku hiyo utafika vizuri. Gurudumu litaanza kulia safari ya tatu au ya nne, wakati umeshasahau kabisa lile korongo.

Langu lilianza kuvuma nimeshaipita Engaruka, mbele kushoto. Nikasimama, nikagusa habu kwa mgongo wa mkono: haigusiki. Ya kulia ilikuwa vuguvugu tu. Nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini nikalitikisa, likacheza. Nilipofungua, beringi ya nje ilikuwa imekwisha, rola zimebadilika rangi na kuwa za bluu kwa moto. Sikuwa na hofu, maana kwenye sanduku la spana nilikuwa na beringi mbili mpya nilizozipaka grisi mwenyewe mwaka mmoja uliopita.

Ya kwanza nilikuwa nimeizungushia gazeti. Gazeti lilikuwa limekunywa mafuta yote ya grisi, kilichobaki kwenye rola ni utomvu mkavu uliochanganyika na vumbi. Ya pili ilionekana safi. Nilipoifuta kikombe chake, ule mduara wa nje ambao rola hupita juu yake, nikaona mistari hafifu iliyoachana kwa nafasi sawasawa. Sikujua maana yake. Nikaifunga, nikamwomba Mungu, nikageuza gari na kurudi mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kabla sijafika Mto wa Mbu ilikuwa inavuma tena. Wageni wakapanda gari la mwenzangu, nami nikawarudishia sehemu ya pesa yao. Iliniuma sana, kwa sababu walikuwa wameniamini.

Arusha nikaipeleka beringi ile kwa fundi wangu pale Unga Limited, mzee aliyefungua habu nyingi kuliko yeyote ninayemjua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Lete nione." Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya ile mistari. "Hii haikuchakaa kwa kazi. Imechakaa kwa kukaa."

Akanieleza. Beringi ikiwa inazunguka, grisi inarudi kila mara kati ya rola na kikombe. Ikiwa imelala na gari linatetemeka juu ya mawimbi ya barabara, kila rola inagonga na kusugua mahali palepale maelfu ya mara. Grisi inasukumwa pembeni, chuma kinakutana na chuma, na kila rola inaacha alama yake. Ndiyo maana mistari ile ilikuwa na nafasi sawa na za rola. Ukiifunga hivyo, beringi mpya inaanza kazi ikiwa tayari na mashimo.

Tangu siku ile nimebadilisha kila kitu, kuanzia mahali ninapofanyia. Zamani nilipaka grisi gerejini, pembeni ya mtu anayesaga chuma. Sasa nafanya nyumbani usiku, mezani, feni imezimwa. Mikono naiosha kwa sabuni na kuikausha kabisa, kisha naipaka grisi kabla ya kugusa chuma, kwa sababu jasho lina chumvi na alama ya kidole kwenye chuma kisafi huanza kutu. Grisi ninayotumia ni ya lithiamu kompleksi, namba 2, ileile iliyomo kwenye habu za gari. Hili silifanyii mzaha. Grisi za aina tofauti zikikutana zinaweza kuyeyuka na kutiririka kama uji mwepesi, kwa hiyo aina yake naiandika juu ya kopo.

Kujaza ni kwa kiganja. Naweka donge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, nashika beringi kwa mkono wa kulia upande mpana ukitazama chini, kisha nakata grisi kwa ukingo wake kuelekea kwenye kisigino cha kiganja, nikibonyeza mpaka grisi itokeze juu katikati ya rola. Nazungusha kidogo, narudia. Kupaka kwa nje tu ni kujidanganya: inang'aa, lakini ndani ni pakavu.

Kisha kufunga. Gazeti hapana, boksi la karatasi hapana. Natumia nailoni nzito na safi, na hewa naikamua yote. Beringi inafungwa peke yake, kikombe chake kikishapakwa grisi nyembamba kinafungwa peke yake, ili rola zisiwe na kitu cha kugonga. Lakini vyote viwili vinakaa pamoja katika kopo moja, maana ni jozi na sivichanganyi na vya kampuni nyingine. Kopo ni la Blue Band la nusu kilo. Chini naweka kipande cha blanketi, kikombe, blanketi tena, beringi, na juu najaza matambara mpaka kisibaki kitu cha kucheza. Nalitikisa sikioni. Likitoa sauti yoyote, nafungua naanza upya. Mfuniko naukaza kwa mpira wa tyubu na kuandika mwezi na mwaka.

Sili inakaa kwenye mfuko wake, imelala bapa, bila kitu kizito juu yake. Mdomo wake ukipinda hata kidogo, kazi yote ya beringi ni bure.

Wenye Defender tuna bahati moja kubwa: magurudumu yote manne, beringi ya ndani na ya nje, ni ileile, LM603049 na kikombe chake LM603011. Habu moja inakula mbili, kwa hiyo makopo mawili yananitosha kwa gurudumu lolote litakaloharibika. Naongeza sili moja, washa ya kukunja, gasketi ya flenji, tindo na boksi spana ya milimita 52. Rafiki zangu wa Land Cruiser za mfululizo wa 70 hubeba saizi mbili kwa habu za mbele.

Makopo hayapandi kwenye keria. Jua la juu ya paa linatenganisha mafuta na grisi. Yanakaa ndani, nyuma ya siti, juu ya mablanketi. Kila mwaka kabla ya masika nayafungua. Nikikuta mafuta yametuama chini, naosha beringi kwa mafuta ya taa, naiacha ikauke hadi harufu iishe, najaza upya. Kuizungusha kwa upepo wa kompresa siruhusu mtu.

Nilikuja kuyahitaji miaka miwili baadaye, karibu palepale, safari hii nyuma kulia. Upepo ulikuwa mkali. Nikaliweka gari ubavu kwa upepo, nikatandika turubai, kalipa ya breki nikaitundika kwa waya isining'inie kwenye mpira wa breki. Kijana mmoja mchungaji wa Kimasai alikuja, akaona ninavyohangaika na vumbi, akasimama na kutanua shuka lake upande wa upepo bila kuombwa. Alikaa hivyo muda wote nilipokuwa napigilia vikombe vipya kwa vile vya zamani. Nimemshukuru siku ile na namshukuru hadi leo.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kujaza nyumbani. Beringi ilitoka kwenye nailoni na kuingia kwenye habu katika sekunde chache, mikono yangu ya barabarani haikugusa rola. Nikakaza nati ya kwanza huku nazungusha habu ili rola zikae, nikailegeza robo mzunguko, nikairudisha taratibu kwa vidole mpaka mchezo ukaisha. Nikaweka washa, nati ya pili, nikakunja washa. Kutoka jeki kupanda hadi kushuka ilikuwa chini ya saa mbili.

Baada ya kilomita 20 nikasimama kuangalia, kisha tukaendelea. Jua lilikuwa linazama nyuma ya ukuta wa Bonde la Ufa tulipoingia Engare Sero. Wageni walienda kuoga, nami nikazunguka gari nikigusa habu moja moja kwa mgongo wa mkono. Zote nne zilikuwa na joto moja.