Mfalme Aliyepiga Mara Tatu

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili sikuwa na neno kubwa. Nilikuwa na hasira na mizani.

Wengi mwaijua safari yangu. Januari nilikuwa kilo 96, presha iko juu, na kupiga magoti kuomba ilikuwa kazi, kuinuka kazi nyingine. Kwa neema nimeshuka mpaka 82. Daktari alitaka 78. Basi hizo nne! Wiki ya nane sasa, kila Jumatatu naingia duka la dawa, natoa shilingi kumi, napanda, na mshale unasimama palepale.

Jumatatu hii nilishuka nikavuka barabara, nikanunua viazi karai vya hamsini, nikamwambia muuzaji asibane ukwaju. Nikala nimeipa barabara mgongo, nisije nikaonwa na mtu wa kanisa.

Usiku nikafungua 2 Wafalme 13. Nabii Elisha yuko kitandani, ugonjwa wa kufa. Anamwambia Yoashi, mfalme wa Israeli, ashike mishale apige chini. Yoashi akapiga mara tatu, akaacha. Mzee akakasirika: ungepiga mara tano au sita ungeimaliza Shamu, adui yako, sasa utaishinda mara tatu tu.

Zamani nilimwona Elisha mkali bure. Mfalme angejuaje, naye hakuambiwa idadi? Lakini hebu jiweke pale. Unapiga sakafu, nayo sakafu haitoi damu. Hakuna Mshami anayeanguka. Mara ya kwanza unapiga kwa imani, ya pili kwa kumstahi mzee mgonjwa, ya tatu unaanza kujiona mjinga mbele ya watumishi wako. Ukiachia hapo, nani atakulaumu? Umepiga, si umepiga! Hapo ndipo nilipokuwa mimi na viazi vyangu mkononi.

Muuguzi alinieleza bila kunibembeleza. Mwili wa kilo 82 hautumii chakula kingi kama wa kilo 96. Sahani iliyonipunguza mwezi wa tatu sasa inanishikilia tu hapa nilipo. Kumbe mwili unapiga hesabu zake sawasawa, mimi ndiye niliyebaki na hesabu za Januari. Akaniuliza nikipika naonja mara ngapi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sasa niseme nanyi kidogo, na mtanisamehe. Ibada ikiisha tunasimama pale nje na chai, na aliyepungua tunamzunguka. "Mama, mbona umekauka hivyo? Nyumbani kwema?" Mwingine anakusogezea mahamri: "Kula bwana, mwili haujengwi kwa matofali." Hivi mwajua neno hilo limenirudisha nyuma mara ngapi? Tunafunga na kukesha tukiwaombea wenye presha na sukari, kisha Jumapili tunawajazia kaimati kwenye sahani na kuuita huo upendo. Mama zangu, dada zangu, hilo tuliache. Mwenzako akikataa andazi la pili usiseme anaringa. Ana mishale mkononi huyo, anatafuta nguvu ya kupiga ya nne, na wewe ndiye unayemshika mkono. Na ukimwona amekwama, usimuulize kilo. Muulize kama ametembea leo, na kama hajatembea, toka naye.

Mimi Jumatano nilivuka feri ya Likoni, hapa Mombasa, asubuhi. Mwaujua ule mwinuko wa upande wa kisiwani, watu wanavyosukumana na mikokoteni ikidai njia. Mwaka jana nilikuwa nasimama mara mbili, najifanya natafuta simu kwenye mkoba, kumbe natafuta pumzi. Jumatano hii nilikuwa na pambio moyoni, nikaja kushtuka niko pale ufukweni Mama Ngina chini ya mibuyu, meli inaingia bandari ya Kilindini, na mwinuko sikumbuki nimeupanda saa ngapi. Nikasimama pale nikalia kidogo, kijana mmoja anayekimbia akaniuliza kama niko sawa. Hilo mizani haikuniambia wiki zote nane.

Jumatano ijayo naenda tena, feri ya saa kumi na mbili. Atakayekuja anikute kwenye mibuyu ya mwanzo, na avae viatu vya kutembelea, si kandambili. Saa hizo wa mihogo hajawasha jiko, tutapita salama.