Alprazolamu ilinisaidia, lakini iheshimuni

Daktari aliponiandikia alprazolamu, dawa ya kutuliza hofu kali ambayo wengi mnaijua kama Xanax, nilikuwa nimefika pabaya. Moyo unakwenda mbio, pumzi haitoshi, na nina hakika nakufa. Nilipoimeza, ndani ya saa moja hivi mwili ulitulia. Siwezi kuidharau dawa iliyonirudishia usingizi wakati ule.

Ila daktari alinieleza jambo ambalo natamani kila anayepewa aelezwe. Dawa hii huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza. Ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo huizoea, na hapo kuiacha ghafla ni hatari kweli: hofu hurudi kwa kishindo, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na wengine hupata degedege linaloweza kuua. Hupunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi wa daktari. Mimi nilipunguziwa hivyo, na bado kulikuwa na usiku mgumu.

Na pombe, jamani, msichanganye kabisa! Wala dawa kali za maumivu kama morfini, isipokuwa daktari ameamua mwenyewe. Zikikutana hupunguza kasi ya kupumua. Mtu analala haamki. Mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza onyo la utegemezi liwekwe kwenye kundi zima la benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza za jamii ya alprazolamu.

Wazee wakiitumia huanguka kirahisi. Kama mama au babu yako anaimeza, muulizeni daktari wake kama bado anaihitaji. Na kidonge chako usimgawie mtu, hata akikulilia.