Ulishukia wapi?

Kazi yangu ni kuandika mabango. Saluni, gereji, maduka ya dawa, "Ni marufuku kukojoa hapa": ukipita Kaloleni na Ngarenaro hapa Arusha, kuta nyingi zina mkono wangu. Ukuta wa leo ndio pekee niliouandika bila malipo, na ndio pekee ambao watu wanasimama kuusoma hata kama hawana shida ya kunyoa.

Wazo si langu. Mwaka 2011 msanii Candy Chang aliipaka nyumba moja iliyotelekezwa huko New Orleans, Marekani, rangi ya ubao wa darasani. Akachapa mstari uleule mara nyingi, "Kabla sijafa nataka...", akaacha nafasi na chaki. Alikuwa amefiwa na mtu aliyempenda sana. Wapita njia wakajaza wenyewe, na tangu hapo kuta za namna hiyo zimepita 5,000, katika nchi zaidi ya 75.

Mimi nilikuwa nimeuona ukuta wangu tayari, ubavu wa fremu iliyofungwa muda mrefu, pembeni ya mama mmoja anayekaanga chapati. Nilipomweleza, hakuinua hata macho kwenye kikaango. "Mwanangu, uniandikie kifo juu ya biashara yangu?"

Basi swali likabadilika. Tukabishana sana pale kwenye benchi lake hadi tukafika hapa: "Ulipofika Arusha mara ya kwanza, ulishukia wapi?" Ukiwauliza abiria wa kifodi kimoja, yaani daladala, utapata Kondoa, Same, Babati, Rombo na Singida kabla hamjafika Sanawari. Mwenye fremu akakubali. Mwenyekiti wa mtaa alitaka kujua jambo moja tu, kama humo ndani kuna siasa.

Nikapiga msasa, nikapaka mikono miwili. Herufi nilizikata kwenye filamu za zamani za eksirei, maana boksi likilowa rangi linajikunja, ila filamu unaifuta na kesho unaitumia tena. Chaki niliziweka kwenye kopo la maziwa. Watoto wakaondoka nazo siku hiyohiyo.

Ikabidi chaki akae nazo mama wa chapati, na kusema kweli ukuta ulianza kufanya kazi hapo. Ukitaka kuandika lazima umsalimie. Ukimsalimia atakuuliza wewe ni wa wapi, na aliyekaa kwenye benchi atadakia kwamba shemeji yake kaoa hukohuko kwenu. Hata madeni yake ya chapati yamehamia pale, kwenye kona ya chini, na sijayafuta.

Watu wameandika. "Soko la Kilombero, juu ya lori la vitunguu." "Stendi, na begi la mtu mwingine." "Nilizaliwa hospitali ya Mount Meru, sikushuka popote." "Sijafika bado." Matusi yapo, namba za simu zipo, Simba na Yanga ndiyo usiseme.

Asubuhi moja mzee mwenye shuka na fimbo alisimama akiusoma mstari kwa mstari. Akamwita binti wa shule, akampa kazi: "Niandikie. Mimi nilikuwepo. Nyie ndio mlifika." Binti akaandika kwa herufi kubwa za darasani, mzee akahakiki, akaenda zake. Vijana wa toyo, yaani bodaboda, walicheka, kisha wakaanza kubishana nani hasa mwenyeji hapa, Mwarusha au Mmeru, na abiria wakasubiri.

Mnara wa Azimio haupo mbali na sisi. Azimio la Arusha la 1967 ni historia kubwa na ule mnara unastahili kuwepo, lakini umesimama katikati ya kipilefti: magari yanauzunguka, mtu wa miguu anautazama kutoka ng'ambo. Kule Chicago, Jaume Plensa alijenga Crown Fountain, iliyofunguliwa 2004: minara miwili ya mita 15 hivi, ikionyesha sura za wakazi wapatao 1,000 wa jiji hilo, na maji yanatoka kama vile sura inayatema mdomoni. Watoto wanajazana chini yake na kulowa. Pesa hizo hatuna, sawa. Ila kumweka mtu mahali anapoweza kugusa hakuhitaji pesa hizo. (Luke Jerram naye aliweka piano 15 mitaani Birmingham mwaka 2008, yeyote apige. Hapa kwetu piano ningeikuta kanisani Jumapili.)

Mvua za masika hunifutia ukuta bure, kwa hiyo swali jipya linahitajika. Mama wa chapati anataka "Nani anakudai?" Mimi naona tutavunja ndoa za watu. Mwenye ukuta unaotazama njia ya miguu, si barabara ya magari, anitafute. Rangi ninayo. Atafute mtu wa kukaa na chaki.